Mada: Walsingham alimnasa Mary Stuart au alimtegea?

Wadau, naileta kesi ya 1586 kwa sababu bado inatuhusu. Serikali ikiwachongea washukiwa njia ya kupangia uhalifu, kisha ikawaua kwa kuipita njia hiyo, hiyo ni haki?

Mary Stuart, malkia Mkatoliki aliyeng'olewa Scotland, alikimbilia Uingereza mwaka 1568. Ndugu yake wa ukoo Elizabeth I, malkia Mprotestanti wa Uingereza, akamweka kizuizini. Mwishoni mwa 1585 alikuwa Chartley, Staffordshire, na hakuwa tena na njia ya kupitishia barua zake za siri. Francis Walsingham, waziri aliyeshika mambo ya ujasusi, akamfungulia moja. Alimtumia Gilbert Gifford, Mkatoliki aliyecheza pande mbili, na barua zikaanza kuingia na kutoka ndani ya mapipa ya bia. Mary hakujua kwamba kila moja inapita kwa Thomas Phelippes, fundi wa kufumbua maandishi ya siri.

Tarehe 17 Julai 1586 Mary akamjibu Anthony Babington, kijana aliyemwandikia kuhusu mpango wa kumuua Elizabeth. Phelippes alipoinakili akaichora alama ya mti wa kunyongea. Hadi hapo ni upelelezi, sina neno. Lakini barua ilipomfikia Babington, Phelippes alikuwa ameiongezea maneno ya kughushi mwishoni, yakitaka majina ya mabwana sita watakaoua. Mpelelezi anayeandika barua ya mshukiwa mimi simwiti mpelelezi.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umeruka mengi. Papa alimtenga Elizabeth na kanisa mwaka 1570, akawaambia raia wasimtii. Mwaka 1572 Waprotestanti walichinjwa Paris, Walsingham akiwa balozi hukohuko. Mwaka 1584 William wa Orange, kiongozi wa Waprotestanti wa Uholanzi, alipigwa risasi nyumbani kwake Delft. Ulitaka asubiri nini? Mary angeweza kuichana ile barua. Pipa la bia halikumshika mkono aandike.

Mleta mada:
Njama ilikuwepo, sibishi. Nauliza habari ya mahakama. Kwenye kesi yake katika ngome ya Fotheringhay, Oktoba 1586, Mary alinyimwa wakili na barua halisi haikuletwa, zilisomwa nakala. Ile nyongeza ya Phelippes haikusomwa kabisa. Kwa nini ifichwe?

Mchangiaji wa 2:
Ilifichwa kwa sababu ingeichafua kesi ambayo bila hiyo ilikuwa na nguvu. Makatibu wawili wa Mary, Nau na Curle, walishakiri kuhusu barua, ingawa nao walikuwa mikononi mwa serikali, kwa hiyo pimeni wenyewe uzito wa kukiri huko. Mimi kinachonikera zaidi ni tume iliyomhukumu. Walsingham mwenyewe alikaa humo! Aliyeendesha mtego kaketi na mahakimu. Mary alipomtuhumu kughushi, akasimama na kumwita Mungu shahidi kwamba hakufanya lolote lisilomfaa mtu mwaminifu.

Mchangiaji wa 1:
Hilo la kukaa kwenye tume silitetei. Ila msimsahau Babington. Yeye na wenzake, watu 14, waliuawa Septemba kwa siku mbili, Mary akafuata Februari 1587. Wapo kati yao waliokula kiapo cha kuua kabla Phelippes hajaongeza hata nukta. Mngewaachia?

Mleta mada:
Hao nisingewaachia. Ningetaka tu barua ya Mary isomwe yote mbele yake, pamoja na mwandiko wa Phelippes.