Naomba ushauri: "unwarranted" niitafsiri vipi?

Habari za jioni wakuu. Nipo Ujiji, katibu wa kikundi cha wauza dagaa. Mfadhili katuandikia barua ya Kiingereza, anatulaumu kwa "unwarranted delay". Kwa haraka zangu nikasoma kikaoni: "ucheleweshaji usio na waranti". Mama mmoja akauliza, "Katibu, kwani tumenunua redio?" Watu hoi kwa kicheko.

Nimechimba kidogo. Shina ni "warrant", Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kaskazini. Wafaransa wengine walitamka "garant", ndiyo maana "warranty" na "guarantee" ni ndugu wa damu. Zamani lilimaanisha mlinzi au mdhamini, baadaye kibali. Sasa nakwama hapo. "Bila kibali" inatufanya wavunja utaratibu. "Bila sababu ya msingi" inasema tumezembea tu. Naegemea hiyo ya pili, ingawa ripoti ilichelewa wiki mbili kwa sababu mhasibu alikuwa anauguza mtoto.

Mliozoea barua za kiofisi, mngeandikaje? Na nikiwajibu kwamba lawama zao ndizo "unwarranted", nitaonekana mkorofi? Kikao ni Jumamosi.