Msaada: Ripoti ya mtaalamu wa sahihi ni ukurasa mmoja, na kesi inasikizwa wiki ijayo

DadaMkubwa: Habari zenu. Mdogo wangu ameshtakiwa hapa Kenya kwa kughushi sahihi kwenye hati ya shamba. Taarifa za mashahidi tulipewa mapema, ila ripoti ya mtaalamu wa maandishi imekuja majuzi: "Sahihi za A na B ni za mkono mmoja." Basi. Hakuna picha zilizokuzwa wala maelezo ya alichokiona. Mwendesha mashtaka anasema mengine yatasikika kortini. Wakili wetu amejitoa. Tunaweza kudai zaidi? Na tukipata mtaalamu wetu, lazima tuwape ripoti yake?

KaraniMstaafu: Pole sana dada. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuarifiwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na kuupata. Andikeni barua, nakala iende kortini, mtaje kila kitu: nyaraka alizolinganisha, picha, sampuli zilichukuliwa lini na nani, elimu na uzoefu wake. Kisha mdogo wako amwambie hakimu kabla shahidi hajaapa, iandikwe kwenye kumbukumbu.

Mpita_Njia: Mbona mnajisumbua? Si atahojiwa tu akifika?

Wakili_Kijana: Hapana ndugu. Utamhoji vipi kuhusu mkunjo wa herufi ambao hujauona? Halafu hata kufika si lazima. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti ya mkaguzi wa nyaraka kupokelewa bila yeye kuwepo. Kumwita ni uamuzi wa korti. Kwa hiyo dada, ombeni aitwe, tena kwa maandishi.

Kuhusu mtaalamu wenu: katika kesi ya Thomas Cholmondeley, 2008, Mahakama ya Rufani ilikataa mshtakiwa kulazimishwa kuupa upande wa mashtaka ushahidi wake mapema. Kwingine si hivyo. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, ukidai ya kwao nawe hudaiwa yako. Ila kanuni ya 16 ya mwenendo wa kesi za jinai katika mahakama hizo, iliyorekebishwa Desemba 2022, ni kielelezo kizuri cha kudai: maoni yote ya mtaalamu, misingi na sababu zake, sifa zake, na kesi alizotolea ushahidi wa kitaalamu miaka 4 iliyotangulia. Haiifungi korti ya Kenya, lakini orodha hiyo itawasaidia kuandika barua.

DadaMkubwa: Asanteni mno. Hofu yangu ni kuahirishwa. Yuko rumande, kila tarehe mpya inamuumiza yeye na mama.

KaraniMstaafu: Msiombe kesi yote isimame. Ombeni mtaalamu peke yake asogezwe mwisho, mashahidi wengine waendelee. Ibara hiyohiyo, 50(2)(c), inampa muda wa kutosha kuandaa utetezi. Na barua ipelekeni kesho asubuhi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.