Bury FC ilikufa ndipo sheria ikatungwa, halafu sheria yenyewe haiihusu Bury!

Wakuu, humu tunabishana usiku kucha kuhusu Arsenal na Man United, lakini hili la Bury, klabu ndogo ya Uingereza, halina msemaji na linaudhi.

Julai 2025 Uingereza ilipata sheria mpya ya soka yenye msimamizi huru. Klabu iwe na leseni. Mmiliki achunguzwe, pamoja na chanzo cha fedha zake. Uwanja usiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini. Mazuri yote, lakini sheria inakomea daraja la tano, yaani National League. Bury walipopanda 2025 waliingia daraja la nane. Klabu ambayo kifo chake kilichochea mjadala wote ule imeachwa nje!

Kwa wasioifuatilia: Bury ilianzishwa 1885, ikabeba Kombe la FA 1900 na 1903, ile fainali ya pili wakimpiga Derby 6-0. Haikuuawa na matokeo ya uwanjani. Msimu wa 2018/19 ilimaliza ya pili League Two, yaani daraja la nne, ikapanda la tatu, huku wachezaji wakidai mishahara. Iliuawa na mahesabu. Mishahara ilizidi mapato, pengo likazibwa kwa mikopo, na Gigg Lane, uwanja wao, ukawekwa rehani. Desemba 2018 mmiliki Stewart Day akamuuzia Steve Dale klabu kwa paundi 1.

Hapo ndipo damu inachemka. EFL, wanaosimamia madaraja ya pili hadi la nne, waliacha mauzo yapite kabla Dale hajathibitisha kwamba ana fedha za kuiendesha. Utaratibu ulikuwa nunua kwanza, ushahidi ulete baadaye, na ushahidi wa kuwaridhisha haukuja. Ukishamkabidhi mtu funguo utamtoaje?

Baadaye ukaja mkataba na wadai. Wadai wa kisoka, yaani wachezaji na klabu nyingine, walipwe chote. Wengine wote, wakiwemo wafanyabiashara wadogo wa mjini, waambulie robo ya wanachodai. Adhabu ya mkataba huo ikawa kukatwa pointi 12 kabla ya mpira kuchezwa. Mechi zikaanza kuahirishwa moja baada ya nyingine. Agosti 27, 2019 mashabiki walikuwa na mafagio wakisafisha uwanja kwa matumaini ya mnunuzi mpya. Mnunuzi akajitoa, na usiku huo EFL wakaifukuza. Uanachama wa ligi tangu 1894 ukaisha hivyo.

Mashabiki wakaunda Bury AFC, wakaanzia daraja la kumi msimu wa 2020/21, ngazi saba chini ya pale walipofukuzwa, tena wakicheza uwanja wa Radcliffe kwa kuwa wao hawakuwa na uwanja. Msimu huo ukakatishwa na korona. 2022 wakapanda daraja la tisa. Mwaka huohuo kundi jingine la mashabiki likainunua Gigg Lane, kwa msaada wa fedha za serikali na wafadhili. Ikawa timu huku, uwanja kule! Kura ya kuwaunganisha ilikwama 2022 kwa sababu upande wa Bury AFC haukufikia kiwango kilichotakiwa. Ikapita 2023, na jina la Bury FC likarudi. 2025 wakawa mabingwa wa daraja la tisa.

Sasa nasikia hoja kwamba klabu za chini zinaendeshwa na watu wa kujitolea, leseni itawalemea. Leseni nzima sawa, iacheni. Lakini huko chini ndiko hatari ilipo kubwa: klabu inanunulika kwa fedha kidogo, na mara nyingi ardhi ya uwanja ina thamani kuliko timu yenyewe. Tapeli hahitaji mabilioni, anahitaji hati ya kiwanja tu.

Mambo mawili yangeteremshwa hadi daraja la nane bila kumlemea katibu wa klabu. Kwanza, hisa zisihamishwe mpaka mnunuzi aonyeshe fedha za kuendesha msimu mzima, ushahidi utangulie saini. Pili, uwanja usiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini, kama ilivyo huko juu. Ni kazi ya makaratasi machache kwa siku anapobadilika mmiliki au anapotaka kukopa.

Kutoka daraja la nane, klabu inahitaji kupanda mara tatu ndipo sheria hii iifikie. Anayeona mpaka wa daraja la tano ni wa haki aje na hoja, nipo.