Je, kiwanda kidogo cha alizeti kinaweza kutumia heksani?

Mkamuaji wa Singida: Ndugu zangu, mashudu ninayowauzia wafugaji bado huacha mafuta mkononi ukiyafinya, na ni hasara kwangu. Nasikia viwanda vikubwa huyatoa mafuta hayo kwa heksani, kimiminika kinachotokana na petroli na chenye kuyeyusha mafuta. Je, naweza kuyaloweka mashudu katika tangi la heksani, kisha nikaichemsha hadi yabaki mafuta matupu?

Fundi Mitambo: Ndugu, usithubutu. Heksani huchemka kwenye nyuzijoto 69 hivi, lakini mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu, haupandi juu ukatoka dirishani bali hutambaa sakafuni na kujaa mitaroni ukisubiri cheche. Februari 1981 mjini Louisville, Marekani, heksani iliyovuja kutoka kiwanda cha soya iliingia katika mabomba ya majitaka ikalipuka, na barabara zikafumuka.

Viwandani kazi yote hufanyika ndani ya mitambo iliyofungwa. Alizeti hukamuliwa kwanza, kisha mashudu husafirishwa polepole huku yakinyunyiziwa heksani yenye joto la nyuzi 50 hadi 60, kwa mpangilio kwamba heksani safi hukutana na mashudu yaliyokwisha kupungua mafuta. Mchanganyiko unaotoka hupashwa moto, heksani ikapaa, ikapozwa na kurudishwa kazini. Mashudu nayo hupigwa mvuke wa maji ili kuondoa heksani iliyonasa. Mafuta yanayosalia humo ni chini ya asilimia 1, ilhali mashine za kukamua huacha asilimia 6 au zaidi. Mtambo huo hulipa pale tu unapolishwa malighafi nyingi mfululizo.

Mfugaji wa Dodoma: Sisi wafugaji tusisahaulike: mashudu yasiyo na mafuta hupungua nguvu, ingawa protini yake huongezeka kwa uzani.

Mkamuaji wa Singida: Nashukuru. Basi nifanye nini na mashine niliyonayo?

Fundi Mitambo: Je, unazipasha mbegu moto kabla ya kukamua? Zikiingia baridi, mafuta hayatoki vizuri. Punguza pia maganda, kwa sababu hunyonya mafuta, ila usiyaondoe yote, maana mashine huyahitaji kiasi ili ishike. Kisha kagua parafujo, ile skrubu kubwa inayosukuma na kubana mbegu ndani ya mashine: ikilika, hata ukikaza vipi mdomo wa kutolea mashudu, mgandamizo hautoshi.