Maji ya chumvi ya nebulaiza: kwa nini tusitumie ya bahari?

Mama wa Langoni, Lamu
Assalamu alaikum. Mwanangu wa miaka 8 aliugua nimonia kali iliyomharibu mirija ya hewa, na tangu hapo makohozi hayamwishi kifuani. Daktari ameagiza avute maji ya chumvi ya asilimia 3 kwa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, asubuhi na jioni. Nyanya yake anauliza kwa nini tununue vichupa ilhali bahari iko mlangoni. Yeye angeyachemsha maji ya bahari na kumfukiza kijana chini ya shuka. Tena siku ya kwanza alibanwa kifua. Niendelee?

Muuguzi mstaafu, Malindi
Wa alaikumu salamu, bibi. Kwa hesabu nyanya hakukosea sana, maana bahari ina chumvi ya kama asilimia 3.5. Lakini waulize wanaovuna chumvi huku Gongoni: maji hupaa, chumvi hubaki. Ukichemsha, mtoto atavuta mvuke mtupu, na chumvi itabaki sufuriani, tena mtoto anaweza kuungua. Nebulaiza huyapasua maji yenyewe yakawa ukungu, chumvi ikiwa ndani yake, na chumvi hiyo ikitua kwenye mirija huvuta maji hadi kwenye makohozi mazito, yakalainika na kukoholeka. Maji ya bahari msiyatie hata kwenye mashine, kwa kuwa yana vijidudu, na kifua kilichoharibika hakina nguvu ya kuvifukuza.

Kukohoa ni jambo linalotarajiwa. Kubanwa kifua silo. Simamisha kwanza, umrudishe kwa daktari, kwani mara nyingi mtoto hupewa salbutamoli, dawa ya kufungua mirija ya hewa, kabla ya chumvi ili mirija isijifunge, na dozi ya kwanza hufaa ivutwe mbele ya mtaalamu.

Baba wa watoto wawili, Malindi
Naongeza moja. Wangu ana ugonjwa mwingine, saistiki faibrosisi, wa kurithi, naye hutumia asilimia 7. Kwa hiyo msiazimane vichupa, na mwenye pumu asijaribu kwa kuiga. Kikombe cha mashine kioshwe kila baada ya kutumia, kitiwe dawa ya kuua vijidudu kama maelekezo yake yasemavyo, kisha kikauke kabisa. Maji mabichi ya kisima yasikisuuze.

Mama wa Langoni, Lamu
Ahsanteni. Habari ya sufuria nyanya ameikubali. Kesho tunapanda boti kwenda kwa daktari.