Leza nyekundu kwa kidonda sugu cha mguu: sekunde ngapi kila pointi?

SistaDresingi (Kayole)
Wadau, nisaidieni hesabu. Kidonda cha vena (kinachotokana na mishipa ya mguu kushindwa kurudisha damu vizuri) juu ya kifundo, sentimita 6 kwa 4, kina miezi saba. Leza ni ya kushika mkononi: nanomita 660, miliwati 100, doa la mwanga nusu sentimita ya mraba. Agizo ni jouli 4 kwa kila sentimita ya mraba, mara tatu kwa wiki. Tunamulika sekunde 40 kila pointi, pointi zikiachana sentimita moja. Wiki tano zimepita na kidonda hakijapungua. Tunazidisha au tunapunja?

Fizio_Nai
Sista, mnafanya yote mawili. Miliwati 100 kwa sekunde 40 ni jouli 4, hapo hujakosea. Lakini zote zinaangukia nusu sentimita, kwa hiyo penye doa panapata 8 kwa kila sentimita ya mraba, na katikati ya madoa hapapati kitu. Mwanga huu una tabia yake: kidogo huamsha seli, ukizidi huzizubaisha.

Weka sekunde 20, madoa yapakane. Eneo la kidonda cha mviringo ni 6 × 4 × 0.785, karibu sentimita 19 za mraba. Hizo ni pointi 38, kama dakika 13. Ongeza mzunguko mmoja wa pointi kwenye ukingo, maana ngozi mpya huanzia pembeni. Ila ngozi nyeusi ya ukingo hunyonya mwanga mwekundu ikapata joto kuliko nyama ya kidonda iliyo wazi. Mgonjwa akisema inachoma, sogeza.

FundiMitambo
Kabla ya kubadilisha sekunde, pimeni leza yenyewe kwa kipima nguvu cha mwanga. Kile kioo cha mashine kinaonyesha kilichoagizwa, si kinachotoka. Dayodi, yaani kijenzi kinachotoa mwanga, ikizeeka inaweza kutoa nusu na kioo bado kikaandika 100. Futeni lenzi pia. Mafuta ya vaselini yakiganda pale mwanga unatawanyika. Kichwa cha leza kisimame wima juu ya kidonda. Kukilaza tu, doa linatanuka na sehemu ya mwanga inaakisiwa.

Miwani iwe ya kinga, yenye 660 iliyochapwa kwenye fremu au kioo chake, kwa mgonjwa na kwako. Miwani ya jua haisaidii kitu.

SistaDresingi
Asanteni. Tunafunika kidonda kwa plastiki ya jikoni ili kichwa kisichafuke. Ni sawa? Na kuna mgonjwa wa sukari anayeuliza kuhusu ile bulbu nyekundu ya vifaranga, anasema nayo ni mwanga mwekundu.

Mama_Vidonda
Plastiki ni sawa ikiwa safi, angavu, tabaka moja, bila mikunjo. Kinachoharibu zaidi ni iodini iliyobaki, krimu ya fedha na ule utando wa njano. Osha kwa salini (maji ya chumvi safi), ondoa utando, kausha kwa gozi, ndipo umulike.

Bulbu ya vifaranga hapana kabisa! Ile ni wati 250 za joto. Mguu wa sukari uliokufa ganzi utaungua malengelenge yatokee kabla mwenyewe hajajua.

Sasa mimi nauliza: bandeji ya kubana iko wapi? Hujaitaja hata mara moja. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, kuhusu leza kwa vidonda vya vena hayakuona ushahidi kwamba inaharakisha kupona. Ni nyongeza tu. Kazi inafanywa na mbano wa karibu milimita 40 za zebaki pale kifundoni. Pima kwa dopla (kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu) kwanza: presha ya kifundo gawanya kwa presha ya mkono. Chini ya 0.8 usibane, mpeleke kwa daktari wa mishipa ya damu. Juu ya 1.3 usiiamini, hasa kwa mwenye sukari, kwa sababu mshipa umekakamaa.

Na kabla ya leza tena, tazama kingo. Zikiwa zimejikunja nje au nyama inachomoza kama koliflawa, zima mashine na uombe baiopsi (kipande cha nyama kikapimwe), kwani saratani haimulikwi. Zikiwa bapa na dopla iko sawa, mulika, funga dresingi, kisha bandeji irudi mguu ukiwa bado umeinuliwa, kabla hajashuka kitandani.