Naomba ushauri: nimeshindwa mara tatu kulipata kopo la jiokashi, je, ninunue kipokezi cha GPS?

Mpanda Mlima, Morogoro

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mgeni katika jiokashi, ule mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa na wachezaji wengine kwa kufuata majiranukta (namba za latitudo na longitudo) yanayowekwa mtandaoni, na kwa majuma matatu sasa nimehangaika na kopo moja lililoko kwenye miteremko ya Uluguru bila mafanikio. Ukurasa wa kopo hilo unataja latitudo ya Kusini, nyuzi 6 na dakika 51.500, nami nikaingiza kwenye ramani ya simu 6, 51, 50. Simu ilinipandisha mpaka kwenye shamba la migomba, ambako nilifunua kila jiwe hadi mwenye shamba, mzee wa makamo, aliponijia na panga lake la kupalilia akiniuliza, kwa upole kabisa, kama nimetumwa kutafuta mali ya Mjerumani.

Nina maswali matatu. Je, simu ya kawaida inatosha, au ninunue kipokezi cha mkononi, kile kifaa maalumu cha kupokea mawimbi ya GPS, ingawa bei yake inanikatisha tamaa? Pili, chini ya maelezo kuna dokezo linalosomeka "alhzn ln zmvmv", ambalo nililinakili kwenye karatasi nikidhani ni Kipolandi, yupo anayelielewa? Mwisho, ningependa kuficha kopo langu mwenyewe siku za usoni, na sijui nianzie wapi.

Mpima Ardhi, Dodoma

Ndugu Mpanda Mlima, usinunue chochote kwanza, maana simu yako haina kosa. Dakika 51.500 si dakika 51 na sekunde 50. Ni dakika 51 na nusu, na nusu dakika ni sekunde 30. Umeongeza sekunde 20, na kwa kuwa sekunde moja ya latitudo ni takriban mita 31, umejipeleka zaidi ya mita 600 kusini mwa kopo, na kusini mwa hapo ni kupanda mlima, ndiyo maana ukaishia kwenye migomba ya watu. Nina hakika longitudo nayo umeiingiza kwa mtindo huohuo. Makopo haya huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, ilhali ramani nyingi za simu hupendelea nyuzi zenye desimali pekee. Basi gawanya 51.500 kwa 60, upate 0.85833, kisha uandike -6.85833. Alama ya kutoa usiisahau, kwa sababu inabeba neno Kusini, na ukiiacha utajikuta kaskazini mwa ikweta.

Kuhusu usahihi, simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa takriban mita 5. Kabla ya Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kosa liliweza kufika mita 100, na mchezo huu usingewezekana. Uvurugaji huo ulipoondolewa, siku iliyofuata, tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alificha ndoo katika msitu wa Oregon, akatangaza majiranukta yake mtandaoni, na jiokashi ikaanzia hapo. Lakini kumbuka kuwa aliyeficha naye alikuwa na mita zake 5 za kukosea, kwa hiyo ukijumlisha na zako unatafuta ndani ya duara la mita 10, tena chini ya miti minene duara hilo hupanuka zaidi. Ukifika hapo, iweke simu mfukoni. Wageni wengi huzunguka wakifuata mshale unaorukaruka, wakati ambapo wangesimama tu na kujiuliza: kama ningekuwa mimi, ningelificha wapi?

Dira Mkononi, Arusha

Nakubaliana na Mpima kuhusu hesabu, ila juu ya vipokezi naona amevibeza kidogo. Kwa safari ya saa mbili simu inatosha. Kwa anayelala porini siku mbili, kipokezi chenye kutumia betri ndogo mbili zinazopatikana katika kila duka, kisichohofia mvua wala kuanguka kwenye mawe, kina thamani yake. Mpaka ufike huko, beba pawabenki, na pakua ramani nzima ya eneo ukiwa bado mjini, kwa sababu GPS haihitaji bando lakini picha ya ramani inalihitaji. Kwa simu za Android, programu ya c:geo ni ya bure na inaweza kuhifadhi maelezo ya makopo kwa matumizi ya nje ya mtandao.

Bi Kibano, Leipzig

Kaka yangu, hicho si Kipolandi, ni Kiswahili kilichovikwa kanzu ya mtu mwingine. Madokezo hufichwa kwa kuisogeza kila herufi nafasi 13 katika alfabeti ya Kilatini yenye herufi 26, hivyo A huwa N, na N hurudi kuwa A. Ukurasa wenyewe hukufungulia ukibonyeza, lakini ukishanakili kwenye karatasi inabidi uhesabu kwa vidole. Nimekuhesabia: "nyuma ya mzizi".

Huku Ujerumani makopo ni mengi mno, na nimejifunza kwamba kabla ya kutoka nyumbani nisome taarifa za waliotangulia. Wanne wa mwisho wakiandika kuwa hawakuona kitu, huenda kopo halipo tena, na nauli yako bora uitunze. Angalia pia alama mbili zinazoanzia 1 hadi 5, moja ya ugumu wa kutafuta na nyingine ya ugumu wa njia. Alama ya 5 kwenye njia kwa kawaida hudai kamba, mtumbwi au kifaa kingine maalumu. Mfukoni nina penseli mbili za kusaini karatasi iliyomo koponi, kwa kuwa kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu, tochi ya kichwani, glavu, na kibano cha nyusi. Msinicheke. Yapo makopo madogo kama ncha ya kidole, na karatasi ya saini iliyokunjwa ndani yake haitoki kwa kucha.

Mvuvi wa Nchi Kavu, Mombasa

Nitajibu la tatu, maana nimepoteza makopo manne. La kwanza lilikuwa kontena zuri la chakula lenye mfuniko wa kubana, na mtu akalichukua kwenda kutilia sukari. Sikumlaumu, ni mimi niliyeacha chombo cha jikoni barabarani. La pili lilikuwa la bati, likaliwa na kutu ya upepo wa bahari kabla ya mwaka kuisha. La tatu lilihimili yote, lakini daftari ndani yake lilitafunwa na mchwa likabaki jalada, kwa kuwa nililiweka chini kwenye udongo. La nne silisemi.

Sasa natumia vichupa vya plastiki nene ambavyo bado havijapulizwa kiwandani kuwa chupa za soda: havina kazi nyumbani, vifuniko vyake hukazwa kwa kuzungusha, na naviinua juu ya ardhi kwenye uma wa tawi. Maelekezo ya ughaibuni husema uifunge karatasi ndani ya kifuko cha plastiki. Kwetu Kenya mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017 na kwenu Juni 2019, kwa hiyo tegemea mfuniko. Usichimbe shimo, usiweke chakula, kaa angalau mita 161 kutoka kopo la mwenzio, na umwombe ruhusa mwenye ardhi. Karibu na daraja, kituo cha polisi au ofisi ya serikali usithubutu, kwani kichupa kilichofungwa utepe mweusi hapo hakitachukuliwa kuwa mchezo. Na mbele ya watu usitamke neno hazina. Sema kopo.

Mpanda Mlima, Morogoro

Nimerudi jana, ndugu zangu. Niliandika -6.85833, nikarekebisha na longitudo kama Mpima alivyohisi, na nikafikishwa kwenye mwembe mkubwa kando ya njia ambayo nilikuwa nimeipita mara tatu nikielekea juu. Nilichokoa kwanza kwa kijiti nyuma ya mzizi, nikihofia nyoka, nikasikia sauti ya plastiki. Daftari limeliwa pembeni na mchwa, lakini kurasa za katikati ni nzima, nami nimesaini kwa penseli.

Wakati wa kushuka nilimtafuta yule mzee nikamwonyesha picha ya kopo. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza ndani mlikuwa na nini, nikamjibu kuwa ni daftari na kifungo cha shati. Amesema nikitaka kuficha la kwangu yupo tayari kunionyesha mti, mradi nisiikanyage miche yake. Nitampelekea kichupa Jumamosi.